Walimu Waliobeba Miswaki



Siku ya Ijumaa, tarehe 22 Januari 1965, masomo yalipokwisha, walimu zaidi ya mia moja wa shule za watoto weusi walikusanyika katika mji wa Selma, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Walivaa nguo zao za heshima, wakajipanga kwa utaratibu, wakaenda kwa miguu hadi jengo la mahakama ya wilaya, kuomba majina yao yaandikwe katika daftari la wapiga kura. Aliyewaongoza ni F. D. Reese, mwalimu wa shule ya sekondari na mchungaji wa kanisa la Kibaptisti. Pamoja na makaratasi yao, walimu hao walibeba miswaki. Kila aliyeiona alielewa maana yake: anayeondoka nyumbani na mswaki wake amekwisha kukubali kulala gerezani.

Sisi tuliosomea kazi ya ualimu tunaijua vizuri hofu ya mwalimu. Mshahara ni mdogo, lakini ndio unaolisha nyumba. Anayeuandika mshahara huo anaweza pia kuufuta. Kwa hiyo tunajiuliza pamoja nanyi: watu wenye diploma, wenye kazi na wenye heshima mbele ya majirani walitafuta nini kwenye ngazi za mahakama ile? Na baada ya miaka sitini, Alabama imevuna nini katika mbegu waliyoipanda?

Mtihani uliotungwa ili watu waanguke

Alabama ni nchi ya pamba. Utajiri wake wa kwanza ulitoka katika mikono ya watumwa weusi, na mwaka 1861 mji wake mkuu, Montgomery, ulikuwa makao ya kwanza ya serikali ya majimbo yaliyojitenga na Marekani ili kuulinda utumwa. Vita vilikwisha mwaka 1865, utumwa ukaondolewa, na kwa muda wanaume weusi walipiga kura, hata wakachaguliwa. Lakini mwaka 1901 wakubwa wa jimbo walikutana kutunga katiba mpya, na mwenyekiti wa mkutano huo alitamka waziwazi kwamba shabaha ni kuuimarisha utawala wa wazungu kwa njia ya sheria. Waliweka kodi kwa anayetaka kupiga kura, sharti la kuwa na mali, na mtihani wa kusoma. Mwaka 1900 wanaume weusi zaidi ya 180,000 walikuwa na umri wa kupiga kura katika jimbo hilo. Mwaka 1903 walioandikwa katika daftari hawakufika 3,000.

Tuutazame mtihani huo kwa macho ya mwalimu. Mtihani wa kweli hupima yale mwanafunzi aliyofundishwa, na humpa kila mmoja swali lilelile na alama kwa kipimo kilekile. Mtihani wa Alabama haukuwa hivyo. Karani wa kuandikisha ndiye aliyechagua maswali ya katiba na sheria, na ndiye aliyeamua peke yake kama jibu latosha. Mzungu aliyesoma kwa shida angeweza kupita, na mweusi mwenye shahada ya chuo kikuu angeweza kuambiwa ameshindwa. Huko Selma ofisi ya kuandikisha ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi, na makarani walichelewa kufika na kuwahi kuondoka. Mwanzoni mwa 1965, katika wilaya hiyo yenye watu weusi wapatao 15,000 wenye umri wa kupiga kura, walioandikwa walikuwa mia chache tu. Waliofundisha watoto somo la uraia hawakuhesabiwa kuwa raia kamili.

Walimu kabla ya Selma

Mara nyingi historia hii husimuliwa kana kwamba ilifanywa na mtu mmoja mwenye sauti nzuri. Sisi hatuipunguzi heshima ya Martin Luther King. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na yeye mwenyewe aliijua kweli hiyo.

Tarehe 1 Desemba 1955, huko Montgomery, mama mshonaji aitwaye Rosa Parks alikamatwa kwa sababu alikataa kumwachia mzungu kiti chake ndani ya basi. Usiku uleule mwalimu wa chuo, Jo Ann Robinson, alikwenda chuoni kwake pamoja na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili. Kwa mashine ya kurudufu walichapa makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kuwaomba watu wasipande basi siku ya Jumatatu. Asubuhi vikaratasi hivyo vilisambazwa mjini kwa mikono ya walimu, wanafunzi na akina mama. Siku hiyo moja ikawa siku 381. Watu weusi wa Montgomery walitembea kwa miguu, au walichukuliana katika magari yapatayo mia tatu yaliyopangiwa vituo na saa. Walikutana makanisani usiku kusali, kuchanga fedha na kuhesabu zilizotumika. Mwishoni mwa 1956 Mahakama Kuu ya nchi iliuondoa ubaguzi ndani ya mabasi hayo. Jo Ann Robinson hakupewa zawadi. Mwaka 1960, baada ya walimu wa chuo chake kuchunguzwa na serikali ya jimbo, aliacha kazi na kuhama.

Februari 1956 mwalimu mwingine, Autherine Lucy, aliingia Chuo Kikuu cha Alabama akiwa mtu mweusi wa kwanza kusoma humo. Siku ya tatu ya masomo kundi la watu wenye hasira lilimzingira kwa mawe na mayai. Wakuu wa chuo, badala ya kuwaadhibu waliofanya fujo, walimwondoa yeye, kisha wakamfukuza kabisa. Alikwenda zake, akaolewa, akafundisha. Miaka thelathini na zaidi ilipita kabla chuo hakijafuta amri ile. Akarudi, na mwaka 1992 alipata shahada yake ya pili katika elimu, siku za binti yake kupata shahada katika chuo hichohicho. Februari 2022 jengo la kitivo cha elimu lilipewa jina lake mbele ya macho yake. Siku chache baadaye alifariki dunia.

Watoto wa Birmingham na uzito wa Kanisa letu

Birmingham ulikuwa mji wa chuma na makaa ya mawe. Tarehe 2 Mei 1963, vijana na watoto wa shule zaidi ya elfu moja walitoka vikundi kwa vikundi katika kanisa la Kibaptisti la Barabara ya Kumi na Sita, wakiimba, wakakamatwa. Kesho yake mkuu wa usalama wa mji aliwafungulia wenzao mipira ya maji ya zimamoto na mbwa, na picha zile zikazunguka ulimwengu wote. Tusisahau kwamba vijana hao hawakutoka ovyo. Walikuwa wamefundishwa kanisani namna ya kutukanwa bila kujibu tusi, na namna ya kupigwa bila kuinua mkono. Tarehe 15 Septemba mwaka huohuo, siku ya Jumapili, bomu lililotegwa na wabaguzi liliwaua ndani ya kanisa hilo wasichana wanne: Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley, wenye miaka 14, na Denise McNair, mwenye miaka 11. Muuaji wa kwanza alihukumiwa mwaka 1977, wa pili mwaka 2001, wa tatu mwaka 2002.

Na Wakatoliki, ndugu zetu, walisimama wapi? Lazima tujibu kwa unyofu. Tarehe 11 Aprili 1963, siku ya Alhamisi Kuu, Papa Yohane XXIII alitoa waraka wake juu ya amani duniani, akifundisha kwamba kila mwanadamu ana haki zitokazo katika ubinadamu wake wenyewe. Kesho yake, Ijumaa Kuu, Martin Luther King alikamatwa Birmingham. Barua aliyoiandika gerezani iliwajibu viongozi wanane wa dini waliomtaka asubiri, na mmoja wao alikuwa askofu msaidizi Mkatoliki, Joseph Durick. Barua hiyohiyo ilikisifu chuo cha Wajesuiti cha Spring Hill, mjini Mobile, kilichofungua milango yake kwa wanafunzi weusi mwaka 1954. Katika Kanisa moja palikuwa na mwanga na woga pamoja. Lakini neema haikumwacha askofu yule. Baadaye alitumwa Tennessee, akawa mmoja wa maaskofu wa Kusini waliopigania waziwazi haki za watu weusi. Asiye na moyo mgumu hujifunza hata kutoka katika barua inayomkemea.

Ngazi za mahakama na daraja la Selma

Turudi sasa Selma. Katika wiki zile za Januari 1965 wanafunzi ndio walioandamana na kujaza magereza, nao waliwauliza walimu wao kwa nini wao hawaonekani. Swali la mtoto humchoma mwalimu kuliko fimbo. Reese aliwaambia wenzake kwamba mwalimu asiye na kura hawezi kufundisha uraia kwa haki. Ndiyo maana walitoka wakiwa pamoja: kumfukuza mwalimu mmoja ni rahisi, kuwafukuza wote ni kuzifunga shule.

Walipofika, sherifu wa wilaya, Jim Clark, na watu wake waliwasukuma kwa virungu hadi chini ya ngazi. Walimu wakapanga mstari upya, wakapanda tena. Wakasukumwa tena, wakapanda tena. Hawakukamatwa siku hiyo, miswaki ikarudi nyumbani mikavu. Lakini walipofika kanisani wanafunzi waliwapokea kwa nyimbo na machozi, kwa maana waliwaona waliokuwa wakiwaogopa darasani wakiishinda hofu barabarani. Baada ya walimu wakatoka wasusi wa nywele na wenye nyumba za mazishi. Kila kundi la kazi lilitafuta mstari wake.

Njia haikuwa bila damu. Tarehe 18 Februari, katika mji jirani wa Marion, askari wa jimbo alimpiga risasi Jimmie Lee Jackson, kijana wa miaka 26, shemasi wa kanisa lake, aliyejaribu mara kadhaa kujiandikisha akakataliwa. Alifariki siku nane baadaye katika hospitali ya Kikatoliki ya Msamaria Mwema, mjini Selma. Kifo hicho ndicho kilichozaa wazo la kutembea hadi Montgomery, kilomita zipatazo 87, kumpelekea gavana malalamiko. Jumapili tarehe 7 Machi watu wapatao 600 walivuka daraja la Edmund Pettus. Upande wa pili askari waliwangoja kwa virungu, gesi ya machozi na farasi. John Lewis, kijana wa miaka 25 mzaliwa wa Alabama, alivunjwa fuvu la kichwa. Huyo Lewis, katika mkutano mkubwa wa Washington mwaka 1963, alikuwa amewaambia watu kwamba kilio cha Afrika, kila mtu na kura yake, ni kilio chao pia. Tunaona hapa kwamba mapambano ya uhuru wa bara letu yalitia nguvu mioyo ya watu waliokuwa mbali nasi.

Siku tatu baada ya Jumapili ile ya damu, masista Wakatoliki wenye mavazi ya kitawa walifika kutoka St. Louis, wakasimama mstari wa mbele. Miongoni mwao alikuwa Sista Antona Ebo, Mfransisko mweusi. Askofu mkuu wa mahali hakufurahia kuja kwa mapadri na masista hao, na padre Maurice Ouellet, aliyekuwa rafiki wa watu weusi wa Selma, aliondolewa mjini mwaka huohuo. Hatuyasemi hayo ili kuhukumu marehemu. Tunayasema ili mjue kwamba kufanya lililo jema wakati mwingine kunagharimu hata ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Tarehe 21 Machi, wakilindwa sasa na jeshi la taifa kwa amri ya Rais Johnson, waandamanaji waliondoka tena. Usiku wa mwisho walilala katika uwanja wa misioni ya Kikatoliki ya Mtakatifu Yuda, Montgomery. Tarehe 25 waliingia mbele ya jengo la serikali wakiwa 25,000 hivi. Tarehe 6 Agosti 1965 rais alitia sahihi sheria ya haki ya kupiga kura, na mtihani wa makarani ukafa. Mwaka 1966 wapiga kura wa wilaya ya Selma walimwondoa Jim Clark madarakani. Kufikia 1967, zaidi ya nusu ya watu weusi wa Alabama wenye umri wa kupiga kura walikuwa wameandikwa. Miaka miwili kabla hawakufika mmoja kwa watano.

Alabama baada ya daraja

Je, nchi ilipata hasara kwa kuacha ubaguzi? Wabaguzi walitabiri hivyo. Historia imewakanusha.

Kaskazini mwa jimbo, mji wa Huntsville ulikuwa na kituo cha serikali cha kutengeneza roketi, na hapo ndipo ilipobuniwa roketi iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969. Mji huo uliona mapema kwamba sayansi na ubaguzi havikai nyumba moja. Tarehe 9 Septemba 1963 Sonnie Hereford, mtoto mweusi wa miaka sita, aliyeshikwa mkono na baba yake daktari, aliingia shule ya serikali pamoja na watoto wazungu, wa kwanza katika jimbo zima. Kwa sensa ya 2020 Huntsville ndio mji wenye watu wengi kuliko yote Alabama. Birmingham, ambako viwanda vya chuma vilififia, sasa hutegemea zaidi chuo kikuu na hospitali zake, na mwaka 1979 ulimchagua meya wake mweusi wa kwanza, Richard Arrington. Mwaka 1993 bendera ya wale waliopigania utumwa iliteremshwa kutoka paa la jengo la serikali, na mwaka huohuo kampuni ya Mercedes-Benz ya Ujerumani ikachagua Alabama kujenga kiwanda cha magari. Baada yake zikaja Honda, Toyota na Hyundai. Jimbo la pamba likawa jimbo la magari.

Lakini tusiishie hapo, maana tungekuwa walimu wabaya. Selma, uliowapa wengine kura, haukupata viwanda hivyo. Kambi yake ya jeshi la anga ilifungwa mwaka 1977. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 28,000 mwaka 1960 ulibaki na wasiofika 18,000 mwaka 2020. Katika wilaya ya Lowndes, ambayo waandamanaji waliivuka kwa miguu, nyumba nyingi za maskini hazina njia salama ya kuondoa maji machafu ya vyoo hadi leo. Katiba ya 1901 ilibaki na maneno yake ya kibaguzi kwa muda mrefu. Wapiga kura walikataa kuyafuta mwaka 2004, wakakataa tena 2012, na ni mwaka 2022 tu walipokubali katiba iliyosafishwa. Sheria ya 1965 yenyewe ilipunguzwa nguvu na Mahakama Kuu mwaka 2013, katika kesi iliyotoka Alabama. Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba ramani ya uchaguzi ya Alabama ilidhoofisha kura za weusi. Israeli walivuka bahari kwa siku moja, wakakaa jangwani miaka arobaini. Kuvuka daraja ni siku moja, na kujenga nchi upande wa pili ni kazi ya vizazi.

Hata hivyo mioyo hubadilika. Gavana George Wallace, ambaye Juni 1963 alisimama mlangoni mwa chuo kikuu kuwazuia wanafunzi weusi, alipigwa risasi mwaka 1972, akaishi katika kiti cha magurudumu. Machi 1995, miaka thelathini baada ya safari ya Selma, alipelekwa kuwapokea waandamanaji wa kumbukumbu. Walikutana Mtakatifu Yuda, palepale walipolala wale wa kwanza. Wakamshika mikono, wakaimba pamoja naye.

Tunachojifunza

Sisi Wakristo wa Kongo, tunaokumbuka tarehe 16 Februari 1992 na waumini waliouawa Kinshasa wakiwa na rozari mikononi, hatuhitaji kuelezwa bei ya njia hii. Tunahitaji zaidi kukumbushwa namna inavyotayarishwa. Haki ya Alabama ilitayarishwa kwa vikaratasi vilivyochapwa usiku, kwa fedha zilizohesabiwa mbele ya watu, kwa vijana waliofundishwa kushika ulimi, na kwa walimu waliokubali kwamba diploma si ukuta wa kujifichia.

Wengi wenu mnasoma, nasi tunafurahi. Mtapata vyeti, na Mungu akijalia mtapata kazi. Siku hiyo kila mmoja atakuwa na kitu cha kupoteza, na ndipo hofu itakapoanza kumnong'oneza anyamaze mbele ya rushwa, mbele ya chuki ya kabila, mbele ya maskini aliyenyimwa haki yake. Mkumbukeni basi mwalimu wa Selma aliyefunga daftari lake la darasa, akachukua mswaki, akatoka. Elimu yake haikupungua kwa sababu hiyo. Siku ile wanafunzi wake walisoma somo lake lililo bora.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika shule, kazi na mitaa yetu, ni mitihani gani inayotungwa ili watu fulani waanguke?
2. Sisi wenyewe tuna nini cha kupoteza, na hofu hiyo inatuzuia kutenda jema gani?
3. Kikundi chetu kinaweza kutayarisha nini mwaka huu, kwa utaratibu na bila kelele, kwa faida ya wale wasiosikilizwa parokiani kwetu?